Mfuatano wa maneno na muundo wa virai katika sarufi zalishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wanachuo wa ualimu na walimu wa Kiswahili wa Kigoma na Tabora, kila mada ya sintaksia inapofika kwenye michoro ya matawi. Nyota (*) mbele ya sentensi ina maana kwamba wazungumzaji wanaikataa. Alama ya kuuliza (?) ina maana kwamba inawatia shaka.

## Misingi

1. Sarufi zalishi inadai nini hasa?

Inadai kwamba anayejua lugha hakukariri sentensi, bali ana kanuni chache kichwani zinazomwezesha kutunga na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Mwanaisimu Noam Chomsky aliliweka dai hilo wazi mwaka 1957, na tangu hapo nadharia imebadilika sura mara kadhaa bila kuliacha. Kinachochunguzwa ni umahiri, yaani ujuzi wenyewe, wala si utendaji wa siku moja ambapo mtu anaweza kukosea kwa uchovu au haraka.

Maneno yanatamkwa moja baada ya jingine kwa sababu kinywa hakiwezi kutamka mawili kwa pamoja. Ujuzi uliomo kichwani una ngazi: maneno huungana kuwa virai, na virai huungana kuwa virai vikubwa zaidi. Nadharia zote zinazotajwa hapa chini zinahangaika na jambo moja: ngazi hizo zinageukaje kuwa mstari?

2. Mfuatano na muundo si kitu kimoja?

Hapana. Ushahidi tunao mwaloni kwetu. Chukua *wavuvi wa dagaa wa Ujiji*. Nani ni wa Ujiji? Wanaweza kuwa wavuvi, na wanaweza kuwa dagaa. Maneno ni yaleyale, kwa mpangilio uleule, lakini maana ni mbili kwa sababu miundo ni miwili:

- [wavuvi [wa dagaa [wa Ujiji]]]: dagaa ndio wa Ujiji.
- [[wavuvi [wa dagaa]] [wa Ujiji]]: wavuvi ndio wa Ujiji.

Utata huu unatokea kwa sababu *dagaa* huchukua upatanisho wa viumbe hai, kwa hiyo *wa* inalingana na nomino zote mbili. Hamia Tabora, weka asali mahali pa dagaa, na utata unakwisha. *Wauzaji wa asali ya Tabora* ni asali inayotoka Tabora, na *wauzaji wa asali wa Tabora* ni wauzaji wanaotoka Tabora. Upatanisho umetuonyesha tawi lilipoota. Lugha zisizo na ngeli hazina msaada huo, na ndiyo maana mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuazima mifano ya Kiingereza kufundisha jambo hili.

3. Nitajuaje kwamba maneno fulani yanaunda kirai kimoja?

Kwa majaribio, si kwa kukisia. Tumia *Wavuvi wa Kibirizi walianika dagaa wadogo mchangani.*

Kwanza, jaribu kuweka neno moja mahali pa kundi: *Wao walianika dagaa wadogo mchangani.* Kundi *wavuvi wa Kibirizi* limepita. Pili, uliza swali ambalo jibu lake ni kundi hilo: *Walianika nini mchangani? Dagaa wadogo.* Tatu, lisogeze mbele kwa *ni*: *Ni dagaa wadogo ambao wavuvi wa Kibirizi waliwaanika mchangani.* Sasa jaribu *wadogo mchangani*: *Ni wadogo mchangani ambao wavuvi waliwaanika dagaa. Maneno hayo mawili yamekaa jirani, lakini hayaundi kirai.

Jaribio la nne ni kuunganisha kwa *na*, nalo ndilo linalowadanganya wengi. *Asha alinunua na Rehema akapika dagaa* inakubalika, lakini hakuna anayedai kwamba *Asha alinunua* ni kirai bila *dagaa*. Kundi likipita jaribio hili peke yake, usiliamini. Tafuta angalau majaribio mawili yanayokubaliana.

4. Kuna ushahidi gani kwamba kitenzi na yambwa (kinachotendwa) huunda kirai kitenzi, na kiima kiko nje?

Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni kitenzi-jina: *Kuanika dagaa kunachosha.* Kitenzi kinabeba yambwa yake popote kinapokwenda, na kiima kinaachwa.

Wa pili ni misemo. Hesabu yenye umbo la kitenzi na yambwa: *kata tamaa, vunja ungo, piga chafya, kula njama, piga pasi*. Kiima chake hubadilika. Sasa tafuta misemo ambayo kiima na kitenzi vimeganda na yambwa ndiyo inayobadilishwa. Utatafuta sana. Tofauti hiyo inaeleweka ikiwa kitenzi na yambwa vinaungana kwanza, kisha kiima kinaongezwa juu.

5. Eksibaa ni nini, na kwa nini kanuni za S → KN + KT ziliachwa?

Kanuni miundo virai za namna hiyo (S ni sentensi, KN kirai nomino, KT kirai kitenzi, KH kirai kihusishi) zinaeleza vizuri sentensi moja moja, lakini zinaruhusu mno. Hakuna kinachozuia kuandika KN → KT + KH, ingawa hakuna lugha ambayo kirai nomino hakina nomino. Mwaka 1970 Chomsky alipendekeza, na mwaka 1977 Ray Jackendoff akapanua, kwamba virai vyote vina umbo moja:

- Kichwa (X), yaani neno kuu la kirai, huungana na kijalizo chake (kinachodaiwa na kichwa, kama yambwa ya kitenzi) kuunda X-baa.
- X-baa huungana na spesifaya (kinachokaa juu yake, kama kiima cha sentensi) kuunda kirai kamili.
- Chagizo (nyongeza isiyodaiwa na kichwa) huongezwa bila kubadilisha ngazi, ndiyo maana unaweza kuwa nazo nyingi.

Kichwa ni lazima. Vingine hutegemea kichwa kinadai nini: *anika* hudai kijalizo, *kohoa* hakidai.

Kwenye mtihani, soma swali. Ukiambiwa utumie kanuni miundo virai, anza na S. Ukiambiwa Eksibaa, S haipo: sentensi ni kirai njeo, kichwa chake ni njeo (alama ya wakati, kama *-li-*), kijalizo chake ni kirai kitenzi, na kiima ni spesifaya. Kosa linalopoteza alama nyingi ni kuchanganya hizo mbili kwenye mchoro mmoja. Linalofuata ni kuchora tawi lenye matawi matatu, jambo ambalo Eksibaa ya kawaida hairuhusu.

6. Kiswahili ni lugha ya kichwa kwanza au kichwa mwisho?

Kichwa kwanza, na kwa uthabiti mkubwa. Kitenzi hutangulia yambwa (*kula migebuka*), kihusishi hutangulia nomino (*kwa treni*), nomino hutangulia sifa (*asali nyeusi*), kitenzi kisaidizi hutangulia kitenzi kikuu (*walikuwa wanavua*), *kwamba* hutangulia kishazi chake. Kijapani na Kituruki hufanya kinyume karibu kila mahali.

Kwa upande wa sentensi nzima, hesabu ya Matthew Dryer ya lugha 1,377 inaonyesha zenye kiima–yambwa–kitenzi 565, kiima–kitenzi–yambwa 488, na kitenzi–kiima–yambwa 95. Zinazotanguliza yambwa mbele ya kiima ni chache mno: 25 za kitenzi–yambwa–kiima, 11 za yambwa–kitenzi–kiima na 4 za yambwa–kiima–kitenzi. Lugha 189 hazina mpangilio mmoja unaotawala. Nadharia inayotaka heshima lazima ieleze kwa nini mgawanyo hauko sawa.

## Sentensi ya Kiswahili

7. Kama tunasema "Wamefika wageni", kwa nini Kiswahili kiitwe lugha ya kiima–kitenzi–yambwa?

Kwa sababu mpangilio wa msingi ni ule unaojibu swali *Kumetokea nini?* bila kusisitiza chochote, kwa vitenzi vya aina zote. Kiima nyuma kinakubalika hasa kwa vitenzi visivyo na yambwa, na hasa kiima kinapokuwa habari mpya. Ukijaribu na kitenzi chenye yambwa, mambo yanaharibika: *?Alisoma mwalimu kitabu.*

Linganisha pia *Wageni wamefika bandarini, Bandarini wamefika wageni* na *Bandarini kumefika wageni*. Katika ya tatu kitenzi kimepatana na mahali. Joan Bresnan na Jonni Kanerva waliichambua miundo ya namna hii katika Kichewa (lugha ya Kibantu ya Malawi) mwaka 1989, na tangu hapo imekuwa kipimo cha kawaida: je, mahali pamechukua nafasi ya kiima, au pametangulizwa tu? Kiambishi *ku-* kinashawishi kwamba pamechukua nafasi hiyo.

8. Katika "anasoma", je, *a-* ndiyo kiima?

*A-* ni kiambishi cha upatanisho. Kama ingekuwa kiima chenyewe, *Mtoto anasoma* ingekuwa na viima viwili. Wachambuzi wengi wa sarufi zalishi huweka katika nafasi ya kiima nomino isiyotamkwa, na upatanisho ndio unaotuwezesha kuitambua. Kwenye mchoro iandike kama Ø chini ya KN. Usiikate *a-* kutoka kwenye kitenzi na kuitundika chini ya KN, kosa ambalo husahihishwa kila mwaka.

9. Kitenzi chetu kinahama?

Kuna dalili kwamba ndiyo. Jean-Yves Pollock alionyesha mwaka 1989 kwamba Kifaransa huweka kielezi kati ya kitenzi na yambwa, lakini Kiingereza hakikubali. Akaeleza tofauti hiyo kwa kusema kitenzi cha Kifaransa kimetoka ndani ya kirai kitenzi na kupanda hadi kwenye njeo, kikipita kielezi. Kiswahili kinasema *Anapenda sana migebuka* bila shida, na kitenzi chetu kimebeba njeo na upatanisho mwilini mwake. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko katika swali la 10.

10. Kwa nini kiima hukaa nyuma katika "kitabu alichosoma mwalimu"?

Hili ni swali tamu kuliko yote, na linastahili muda. Tazama:

- Kitabu *ambacho mwalimu alisoma* kimepotea.
- Kitabu *alichosoma mwalimu* kimepotea.
- *Kitabu *mwalimu alichosoma* kimepotea.

Katherine Demuth na Carolyn Harford walilieleza hivi mwaka 1999. Kirejeshi *-cho* kinakaa juu ya kirai njeo, mahali pa komplementaiza, yaani penye maneno ya aina ya *kwamba*. Kirejeshi hakiwezi kusimama peke yake, kinahitaji mwili wa kushikamana nao. *Amba-* ikiwepo, kinashika hapo, na sentensi inaendelea kwa mpangilio wa kawaida. *Amba-* isipokuwepo, kitenzi hulazimika kupanda juu kukibeba, kikipita kiima njiani. Kiima hakijasogea hata hatua moja. Kilichosogea ni kitenzi.

Lakini kwa nini *-cho-* iko katikati ya neno na si mwishoni? Katika umbo lisilo na njeo iko mwishoni kweli: *kitabu asomacho mwalimu*. Katika *alichosoma*, sehemu ya *ali-* ina asili ya kitenzi kisaidizi *-li*, na inawezekana kuona kwamba *-cho* imeshika kisaidizi hicho. Dalili nyingine ni wakati ujao: *-ta-* hurudi kuwa *-taka-*, yaani kitenzi kamili, mara tu kirejeshi kinapoingia: *atakachosoma*. Na *-me-* haikubali kirejeshi kabisa: *amechosoma. Hapo huna budi kutumia *ambacho amekisoma*. Ukifundisha jambo hili, andika maumbo yote manne ubaoni kabla ya kuchora mti wowote. Mti ukitangulia, wanafunzi hukariri mti.

11. Yambwa zikiwa mbili, ipi iko juu?

Mtendewa, yaani anayefanyiwa jambo (hapa mtoto). *Mama alimpikia mtoto wali* ni ya kawaida, na *?Mama alimpikia wali mtoto* inahitaji kutua kabla ya *mtoto*. Majaribio mengine yanakubaliana: kiambishi cha yambwa ni cha mtoto (*alimpikia*, si *aliupikia mtoto wali), na kitenzi kikitiwa *-w-* anayepanda kuwa kiima ni mtoto (*Mtoto alipikiwa wali*, si *Wali ulipikiwa mtoto).

Si Kibantu chote kiko hivyo. Joan Bresnan na Lioba Moshi walionyesha mwaka 1990 kwamba katika Kichaga cha Vunjo yambwa zote mbili zina tabia za yambwa kamili, wakati Kichewa kinampa haki hiyo mtendewa tu. Kabla hujaiga mti wa lugha jirani, rudia majaribio haya matatu katika lugha yako.

12. Maneno ya kuuliza husogea?

Kwa kawaida hubaki mahali pake: *Umenunua nini? Umemwona nani?* Ukitaka yawe mbele, tumia *ni* na kirejeshi: *Ni nani uliyemwona?* Bila hivyo inakataliwa: *Nani umemwona?

Tofauti inaonekana ndani ya kishazi rejeshi. *Umenunua kitabu alichoandika nani?* inapita, lakini *Ni nani ambaye umenunua kitabu alichoandika? haipiti. Kishazi rejeshi ni kisiwa, na kinachosogezwa hakiwezi kuvuka kutoka humo. John Robert Ross ndiye aliyevipa visiwa jina hilo mwaka 1967. Neno lisilosogea halina haja ya kuvuka.

## Kirai nomino

13. Kuna kanuni ya kupanga sifa, idadi na vionyeshi?

Joseph Greenberg, kwa sampuli ya lugha 30, alieleza mwaka 1963 kwamba vikitangulia nomino, mpangilio huwa kionyeshi–idadi–sifa. Vikifuata nomino, huwa ule ule au kinyume chake kamili. Mpangilio unaowezekana kihesabu ni wa aina 24, na mwaka 2005 Guglielmo Cinque alihesabu kwamba ni 14 tu ndiyo iliyokwisha kushuhudiwa. Maelezo yake: msingi ni mmoja, na nomino (peke yake au na ilivyobeba) husogea kwenda kushoto tu.

Kiswahili kinaachia nafasi kubwa baada ya nomino, na *yule mtoto* na *mtoto yule* zote zinasemwa. Kisicholegea ni kimilikishi. *Watoto wangu wawili* ni sawa, *?watoto wawili wangu* inakwaruza. Kimeng'ang'ania hadi kuyeyukia ndani ya nomino: *mwanangu, mkeo, mwenzio*. Vicki Carstens anaeleza ukaribu huo kwa kuipandisha nomino juu ya kirai, ikimpita mmiliki aliyekuwa juu yake. *Kila* ndiyo inayosimama kinyume na mengine yote: *kila mtoto*, kamwe si *mtoto kila.

## Nadharia zinapogongana

14. Nani yuko sahihi: wenye "kichwa kwanza au mwisho", au Kayne?

Kwa mtazamo wa kwanza, kila lugha huchagua upande wa kichwa. Richard Kayne alikataa mwaka 1994. Kwake, kilicho juu kwenye mti hutamkwa mapema, kwa hiyo mpangilio wa msingi wa lugha zote ni spesifaya–kichwa–kijalizo. Lugha kama Kijapani zimepata sura yake kwa kusogeza vijalizo kwenda kushoto.

Faida yake ni kwamba inaeleza mambo yasiyo na ulinganifu, kwa mfano kwa nini maneno ya kuuliza yanaposogea huelekea mwanzoni mwa sentensi, si mwishoni. Gharama yake ni usogezaji mwingi ambao mara nyingine hauna sababu nyingine ila kuiokoa nadharia. Kwa Kiswahili mitazamo yote miwili inatoa mti unaokaribiana, kwa hiyo data yetu ya kawaida haiwezi kuamua kesi. Lugha zilizochanganya ndizo zinazofaa (swali la 18).

15. Uminimalisti umebakiza nini?

Uminimalisti ni sura mpya zaidi ya sarufi zalishi, nao umebakiza tendo moja: kuunganisha vitu viwili kuwa kimoja. Tangu miaka ya 1990, ngazi za X-baa hazitunzwi tena kama kanuni. Kilichounganishwa ambacho hakijaendelea ni kichwa, kilichokamilika ni kirai. Wengi wanachukulia kwamba mfuatano haumo kabisa ndani ya sintaksia, bali huwekwa muundo unapokwenda kutamkwa. Mchoro wa Eksibaa bado unasomeka. Umekuwa muhtasari tu.

## Lugha za kwetu na mambo ya pembeni

16. Naweza kutumia Kiha au Kinyamwezi kwa utafiti wa chuo?

Ndiyo, na ni vizuri zaidi kuliko kurudia mifano ya vitabuni. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kinyamwezi kiko na Kisukuma katika kanda F ya mgawanyo wa lugha za Kibantu wa Malcolm Guthrie, pamoja na Kitongwe na Kibende. Kirundi kinajulikana kwa muundo ambao yambwa hutangulia na kitenzi hupatana nayo, kama vile mtu angesema *Kitabu kimesoma mtoto kwa maana ya mtoto kukisoma. Kiswahili kina kivuli chake tu: *Chumba hiki kinalala watu wanne.* Kupima jambo hilo katika Kiha ni kazi nzuri ya muhula.

Utaratibu: chagua wazungumzaji wanne au watano waliokulia katika lugha, wa kijiji kimoja kwanza. Usiulize "Je, ni sahihi?", maana utajibiwa kwa adabu. Weka hali (*mgeni amefika, unamwambia mama*), kisha toa sentensi na uulize kama mtu angeisema hapo. Changanya mbaya na nzuri. Rudia baada ya siku kadhaa. Rekodi toni, maana katika lugha hizi toni inaweza kutenganisha kishazi rejeshi na kishazi huru. Usimpe mzungumzaji sentensi za Kiswahili tu azitafsiri, kwa sababu mpangilio wa Kiswahili humfuata.

17. Mbona washairi hugeuza mpangilio watakavyo?

Ushairi una uhuru wake, ukiwemo *kuboronga sarufi* ili vina na mizani vikae. Hata huo una mipaka: mshairi husogeza virai vizima mara nyingi kuliko anavyovivunja, na viambishi ndani ya kitenzi havibadilishani nafasi. Usitumie beti kuthibitisha mpangilio wa msingi, ila unaweza kuzitumia kuonyesha kirai kinaishia wapi.

18. Kuna lugha ya Kibantu inayoweka kitenzi kikuu kabla ya kisaidizi?

Ipo hapa Tanzania: Kirangi cha Kondoa. Katika baadhi ya miundo ya wakati ujao, kitenzi-jina hutangulia kisaidizi, na yambwa hufuata nyuma ya vyote viwili. Katika maswali, vishazi rejeshi na ukanushi, mpangilio hurudi kuwa kisaidizi–kitenzi, kama Kiswahili.

Umuhimu wake ni huu. Anders Holmberg, Theresa Biberauer na Ian Roberts wanadai kwamba kirai chenye kichwa mwisho hakiwezi kubeba ndani yake kirai cha aina hiyohiyo chenye kichwa kwanza. Kinachokatazwa ni kitenzi–yambwa–kisaidizi. Kirangi kina kitenzi–kisaidizi–yambwa: yambwa haijabanwa katikati, kwa hiyo marufuku haijavunjwa. Na kwa kuwa mpangilio unarudi nyuma pale hasa ambapo komplementaiza ina kazi, kama katika *alichosoma* (swali la 10), ni rahisi kushuku kwamba kitenzi-jina cha Kirangi kimepanda kwenda sehemu hiyohiyo ya juu, nacho huzuiwa nafasi ikiwa imekaliwa.